Seneta ni wa nani? Yaliyoikuta Marekani kabla ya 1913

(Mazungumzo ya ofisa wa habari wa kaunti kwa wahamasishaji wa ushirikishwaji wa umma kutoka wadi zote.)



Katika vikao vyetu vya ushirikishwaji wa umma kuna swali ambalo haliishi. Kifungu cha 96 cha Katiba kinasema Seneti inawakilisha kaunti na kulinda maslahi ya kaunti na serikali zake. Basi, watu huuliza, mbona seneta asichaguliwe na bunge la kaunti? Tungepunguza karatasi moja ya kura, naye angejua vizuri aliyemtuma. Si swali la kipuuzi. Marekani ilifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 120, kisha ikaacha, na sababu za kuacha zinafaa kujulikana na kila mmoja wenu kabla ya kulijibu.

Katiba yao ya 1787 ilitoa maseneta wawili kwa kila jimbo, kwa muhula wa miaka sita, wakichaguliwa na bunge la jimbo. Baraza la Wawakilishi lilikuwa la wananchi, Seneti ya majimbo. Mwaka 1901 majimbo yalikuwa 45, kwa hivyo viti vilikuwa 90. Kwenye karatasi mpango huu unapendeza.

Sasa twende Delaware. Mwaka 1895 bunge la jimbo hilo dogo lilipiga kura 217 katika siku 114, na bado halikumpata seneta. Tajiri mmoja wa biashara ya gesi, J. Edward Addicks, alikitaka kiti kwa udi na uvumba. Wafuasi wake hawakutosha kumpitisha, lakini walitosha kumzuia mwingine yeyote. Mvutano ukaendelea mwaka baada ya mwaka, hadi kati ya 1901 na 1903 Delaware ikawa haina seneta hata mmoja kule Washington. Hebu fikirieni Mswada wa Ugavi wa Mapato unajadiliwa Nairobi na kiti chetu ni kitupu, si kwa sababu ya kifo wala kesi, bali kwa sababu wawakilishi wadi hawasikilizani. Na siku zote hizo za kupiga kura, barabara na shule za jimbo zilikuwa zikingoja.

Mkwamo ulikuwa nusu ya tatizo. Nusu ya pili ilikuwa hongo. Anayetaka kununua kiti hahitaji kuhonga jimbo zima ikiwa wapiga kura wote wanaenea katika ukumbi mmoja. Huko Montana, William A. Clark, tajiri wa migodi ya shaba, alichaguliwa mwaka 1899. Kamati ya Seneti ikachunguza na kuona kwamba ushindi wake ulikuwa wa hongo. Mwezi Mei 1900 akajiuzulu kabla hajafukuzwa. Kilichofuata ni kioja: gavana alipokuwa nje ya jimbo, naibu wake alimteua Clark huyo huyo kujaza nafasi aliyoiacha! Gavana aliporudi alifuta uteuzi huo. Hata hivyo, mwaka 1901 bunge la jimbo lilimchagua tena, akatumikia muhula mzima.

Illinois nako, mwaka 1910 mwakilishi mmoja wa bunge la jimbo alikiri katika gazeti la Chicago Tribune kwamba alipokea dola 1,000 ili ampigie kura William Lorimer. Seneti ilimsafisha Lorimer mara ya kwanza. Julai 1912 ikabadili msimamo na kubatilisha uchaguzi wake kwa kura 55 dhidi ya 28.

Wananchi wa Oregon hawakusubiri. Kwa sheria waliyoipitisha mwaka 1904, walimpigia kura seneta wamtakaye, na wagombea wa bunge la jimbo wakatakiwa kuahidi kwa maandishi kama watafuata chaguo hilo. Mwaka 1908 chaguo likamwangukia George Chamberlain wa chama cha Democratic, ilhali bunge lilijaa watu wa Republican. Walimeza mate, na Januari 1909 wakamchagua. Mimi naona hapo ndipo mfumo wa zamani ulipokufa. Marekebisho ya 17 ya Katiba, yaliyoidhinishwa Aprili 1913, yaliuzika tu.

Tusidhani kwamba kila mtu alipata kura siku hiyo. Wanawake walio wengi hawakuwa nayo bado, na majimbo ya kusini yaliwazuia Waamerika weusi kwa kodi na mitihani ya kusoma. Fedha za matajiri nazo hazikutoweka kwenye siasa.

Majimbo nayo yalipoteza kitu. Elihu Root, seneta wa New York, aliyapinga mabadiliko hayo, na wapo wanaosema hadi leo kwamba serikali za majimbo zilibaki bila msemaji Washington. Hoja hiyo inatugusa. Maseneta wetu 47 wanachaguliwa na wananchi, lakini katika mambo yanayohusu kaunti, Kifungu cha 123 kinaupa ujumbe wa kaunti kura moja tu, na seneta aliyechaguliwa ndiye kiongozi wa ujumbe huo. Papo hapo anakagua fedha ambazo serikali ya kaunti inapokea kutoka taifa. Ndiyo maana magavana na maseneta hugombana. Mimi ni mwajiriwa wa kaunti, kwa hivyo pimeni maneno yangu, lakini naona afadhali ugomvi huo kuliko seneta anayemkagua gavana huku kura zake zikitoka kwa wawakilishi wadi wa gavana huyo huyo.

Delaware, iliyoumia kuliko wote, haikuyaidhinisha Marekebisho ya 17 wakati ule. Ilifanya hivyo mwaka 2010, mwaka ule ule tuliopitisha Katiba yetu.

Sasa nakaribisha maswali, tuanze na wale wa nyuma.