Kwenda Uvira kwa kuomba njia

(Maneno yaliyosomwa mbele ya vijana, Bukavu, mwezi wa 9, 2023)



Wameniomba niwaambie habari ya safari yangu ya vakansi. Wengine kati yenu waliona picha zangu ku WhatsApp, niko Bujumbura mbele ya sahani ya mukeke, wakaandika: "Shomeri anatembea inchi tatu, feza imetoka wapi?" Swali ni nzuri. Jibu ni kwamba jamaa yote ilichanga, tena wengine walikopa. Haikuwa utalii. Koko wangu ana dada yake mdogo Ujiji, kule Kigoma, Tanzania. Vita ya 1996 iliwatenganisha na tangu pale hawajaonana tena. Miaka 27. Koko alisema: "Minataka nimuone mbele nikufe." Mtu akisema vile, utamujibu nini?

Tulikuwa watu saba mu Noah ya baba mdogo: yeye mwenyewe ku volani, koko, shangazi, yaya wangu, mimi, na marafiki wawili tuliokomaa nao avenyu moja. Mmoja ni muuguzi, mwingine ni fundi wa magari. Tulipanga vizuri kabisa, kama watu wenye akili.

Sasa munisikilize. Safari ya kwanza ilikuwa Bukavu-Uvira. Bukavu ni Kongo, Uvira ni Kongo, yote iko mu Kivu ya Kusini, na katikati haifiki hata kilometa 150. Lakini asubuhi ile, kitu cha kwanza tulichofanya ni kwenda kupanga mustari ku mupaka wa Ruzizi na karatasi mkononi, ili tuombe kuingia Rwanda.

Nyinyi wote munajua sababu. Ni Ngomo. Ukitoka Nyangezi unashuka ile milima, upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine shimo. Njia ni nyembamba, na mvua ikinyesha kidogo, lori moja inakwama na wote wanabaki pale. Njo maana mwenye gari ndogo na mwenye karatasi anavuka Ruzizi, anapita Kamembe, anashuka ku lami mpaka Bugarama, anavuka tena mto na kuingia Kamanyola. Anarudi kwao. Tumeshazoea. Hata hatuoni tena kama ni jambo la kushangaza.

Koko hakuwa amezoea. Tulipokuwa tunashuka Bugarama, aliangalia ku dirisha, akaona milima yetu ng'ambo ya mto. Akauliza: "Kule ni wapi?" Baba mdogo akamujibu: "Kule ni kwetu, mama." Akanyamaza muda murefu. Kisha akasema: "Na sisi tunafanya nini huku?"

Mu gari hakuna mtu aliyejibu. Mimi nina diplome ya chuo kikuu, na mimi pia sikujibu.

Kamarade, tangu Bunagana ianguke mwezi wa 6, 2022, tunasema kila siku juu ya uvamizi. Tunaandamana, tunaandika, na tuna haki. Lakini mbona hatuulizi hili? Serikali inayosema Rwanda ni adui, imeacha mji mkuu wa jimbo letu uungane na Uvira kwa kupitia barabara ya Rwanda. Siku wakifunga ule mupaka, tutafanya nini? Simaanishi raia wa kule. Mama anayeuza nyanya Bugarama hana kosa, na alitupatia maji ya koko bila kutuomba hata franka. Ninasema juu ya wakubwa wetu. Kulinda nchi si bunduki tu. Ni pia kuhakikisha mtoto wa nchi anatoka mji mmoja kwenda mwingine bila kuomba ruhusa kwa jirani.

Tuendelee. Kutoka Kamanyola, mu Ruzizi, nilifungua kaye. Sina kazi, basi nina muda wa kuandika. Kila bariyeri niliandika: wapi, nani anasimama pale, wanaomba ngapi, wanatoa kitansi ama hapana. Mpaka Uvira nilihesabu bariyeri tisa. Mbili zilitupatia kitansi. Saba zilikuwa kamba tu, na kijana amekaa ku kiti cha plastiki. Baba mdogo alikuwa anatoa feza bila kuuliza, kwa sababu ukiuliza unalala pale.

Tulipofika Sange, shangazi aliomba tusimame kidogo. Munakumbuka tarehe 2 mwezi wa 7, 2010. Gari ya mafuta ilianguka pale, mafuta ikamwagika, watu wakakuja kuchota, na moto ukawaka. Moto ukaingia mu manyumba na mu vyumba vya sinema ambamo watu walikuwa wanaangalia mpira wa Kombe la Dunia. Walikufa watu zaidi ya 230, wengi walizikwa pamoja. Sikusema kama barabara peke yake iliwaua. Umaskini pia uliwaua, kwa sababu mtu mwenye kushiba hachoti mafuta mu barabara. Lakini tulisimama pale, magari yakapita karibu na sisi yanakwepa mashimo, na nikajiuliza: kisha wafu wote wale, tumebadilisha nini?

Uvira tulilala usiku mmoja. Kesho yake tukavuka Kavimvira, tukaingia Burundi kwa Gatumba. Sitawadanganya kama kwa jirani ni paradiso. Burundi ni moja ya nchi maskini zaidi duniani, na mwaka huu mafuta ni shida kubwa kule. Tuliona magari yamepanga mustari mbele ya pompi ambayo haina kitu. Sisi tulibeba mafuta yetu mu bidoni toka Uvira, na harufu ilimuumiza koko kichwa.

Bujumbura njo tulimuacha fundi kwa ndugu zake. Ya kuingia Tanzania ilihitaji pasiporti, na pasiporti yetu, kwa bei ya serikali tu, ilikuwa dola 99. Tulichanga tukapata ya koko na za wengine. Ya kwake haikupatikana. Ni hivi: mtu mwenye kujua gari njo alikosa karatasi. Nchi yetu ilisaini kuingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 mwezi wa 4, 2022. Viongozi walipiga picha. Lakini kijana mwenye mikono mizuri kama ile, jumuiya yake iliishia Bujumbura.

Tukafuata ziwa: Rumonge, Nyanza-Lac, mpaka Manyovu. Kutoka Manyovu kwenda Kigoma ni lami. Baba mdogo akafurahi sana, akakanyaga, na polisi wakamukamata kwa mwendo kasi. Shilingi 30,000. Alikasirika, lakini mimi niliomba ile karatasi niiangalie. Ilikuwa na namba ya kulipia, na feza haikuingia mu mfuko wa askari. Nikaibandika mu kaye yangu. Mu safari yote, ile faini njo feza tuliyolipa na nikajua inaenda wapi.

Ujiji sitasema mengi. Wazee wawili walishikana mikono mbele ya mlango, hakuna aliyelia, walianza tu kuhesabu wafu wao kwa majina, mmoja baada ya mwingine. Tulikaa siku tisa.

Sasa nifike ku kitu kilichonifanya nisimame hapa leo. Wakati wa kurudi, koko aligonjwa. Tulipofika Uvira homa ilipanda na presha pia. Walimupima, wakatuambia: mupelekeni Bukavu haraka. Tukamuchukua fundi wetu, ambaye alikuwa amekuja kutungojea, tukatoka mchana ule ule. Zile bariyeri tisa zilikuwa pale pale. Ku moja walituchelewesha karibu saa nzima juu ya karatasi ya gari iliyokuwa sawa kabisa. Kufika Kamanyola, mupaka umefungwa.

Ilibaki Ngomo. Usiku. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha.

Katikati ya mlima tulikuta lori imekwama, na nyuma yake mustari wa magari. Mamama wa biashara walikuwa wamelala chini ya lori, ni usiku wao wa pili, nyanya zao zimeanza kuoza. Tulilala mu gari. Rafiki yetu muuguzi alimushika koko mkono, akahesabu mapigo ya moyo kwa mwangaza wa telefone, kila nusu saa, mpaka asubuhi. Kulipopambazuka, vijana wa kijiji wakakuja na majembe, fundi wetu akaingia chini ya ile lori pamoja na dereva, na sisi wote tukachanga feza ya kuwalipa. Wananchi njo walitengeneza barabara ya taifa asubuhi ile, kwa majembe. Bukavu tulifika kisha saa sita.

Koko ni mzima. Yuko nyumbani, anasikiliza redio. Lakini ni kwa sababu tulikuwa na muuguzi mu gari. Wenye hawana muuguzi, wanafanya aje?

Sikuleta hadithi hii ili tulie. Nimeleta kaye. Iko hapa, mwenye kutaka aisome. Na ninaomba mambo matatu.

Kwanza: kuanzia leo, kila mmoja wetu anayesafiri mu jimbo hili abebe kaye. Aandike tarehe, fasi, kiasi, kitansi ndiyo ao hapana. Usigombane na mtu ku bariyeri, usihatarishe maisha yako, usipige picha za siri. Andika tu. Kisha miezi miwili tutakuwa na kaye mia moja, na kaye mia moja hakuna mtu atasema ni uongo wa shomeri mmoja.

Pili: tuandike petisyo. Katiba yetu, kifungu cha 27, inatupatia haki ya kuandikia wakubwa, mmoja mmoja ao kwa pamoja. Kifungu cha 30 kinasema kila mtu aliye mu nchi ana haki ya kutembea kwa uhuru. Tuombe serikali ya jimbo ibandike hadharani, kila mwezi, feza zote zinazochukuliwa ku barabara ya Bukavu-Uvira na kazi zilizofanywa nazo. Na bariyeri isiyotoa kitansi iondolewe.

Tatu: tarehe 20 mwezi wa 12 tutapiga kura. Wagombea watakuja, na tishati, na bia, na muziki. Tusiwaulize kama watatujengea barabara, wote watasema ndiyo. Tuwaulize: "Mara ya mwisho ulienda Uvira, ulipitia wapi?" Akisema alipitia Rwanda, tumuulize kwa nini. Akisema alienda na ndege ao boti, vilevile tumuulize kwa nini. Yule atakayejibu bila kutabasamu, tumusikilize.

Mwaka ujao, wakati wa vakansi, koko anataka kurudi Ujiji. Nilimuambia tutaona. Akaniambia: "Nitaenda, lakini nitapitia kwetu."

Mimi nimemuahidi kwamba nitajaribu. Peke yangu sitaweza. Kaye ziko ku meza, ku mulango. Kila mmoja atoke na moja.