Anayekwama Kutunga Aanze na Miguu



Nimeombwa nizungumzie kukwama, ile hali ya mtunzi kukodolea macho karatasi tangu asubuhi hadi adhuhuri na mstari usitoke. Msimamo wangu ni huu: tiba yake huanzia mwilini na kwenye saa, kichwa hufuata baadaye. Ushahidi haupo mbali. Upo katika muziki wa dansi uliovuma kwenye kumbi za jiji hili la Dar es Salaam, DDC Kariakoo ukiwa mmojawapo.

NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi chenye jina hilo, NUTA, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Jina lilibadilika kila chama kilipobadilika, ikawa Juwata, kisha OTTU, na leo tunaiita Msondo Ngoma. Kilichodumu ni utaratibu wa kazi. Kulikuwa na muda wa mazoezi na usiku wa kupiga, ujisikie au usijisikie. Mtunzi alifika mazoezini na maneno yake na sauti ya kuimbia. Wapiga magitaa wakatafuta mapigo, wapuliza tarumbeta na saksafoni wakatafuta pa kuingilia, na wimbo ukakua mikononi mwa wote. Hebu fikirini maana yake kwa mtunzi aliyekwama. Hakuachwa peke yake na ukimya. Alishika ala, akasimama mahali pale pale, saa ile ile, na wenzake wakamsukuma. Muhidin Maalim Gurumo, mwimbaji na mtunzi wa bendi hiyo aliyefariki mwaka 2014, alidumu katika muziki wa dansi takriban nusu karne. Kipaji alikuwa nacho, lakini siamini kwamba kipaji kitupu kinamfikisha mtu huko.

Utaratibu wa saa haukuwa wa wanamuziki pekee. Mshairi Shaaban Robert naye aliingia ukarani wa serikali mwaka 1926, akaanzia forodha. Kwa miaka mingi alitunga huku akiwa na saa za ofisi.

Kuhusu miguu, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marily Oppezzo na Daniel Schwartz, walionyesha mwaka 2014 kwamba watu wanapotembea hutoa mawazo mapya mengi kuliko wanapokaa, hata wakitembea juu ya mashine ya mazoezi wakitazama ukuta mtupu. Basi huna haja ya ufuo wala bustani. Toka Mnazi Mmoja alfajiri, shika Mtaa wa Uhuru hadi Msimbazi, wakati mikokoteni inaanza kuingia na mama lishe wanawasha majiko. Simu iache nyumbani. Saa sita mchana usijaribu. Msongamano wa Kariakoo hautakuachia hata nafasi ya kuwaza.

Najua si kila mtu anaweza kutoka alfajiri. Mama mwenye watoto wadogo ana kazi tele saa hiyo, na kumwambia akatembee ni kumkejeli. Kwake, kufua au kuchambua mchele kunaweza kutosha: mikono ina kazi, fikra ziko huru. Muhimu ni daftari liwe karibu, na muda wake wa kuandika, hata nusu saa, uheshimiwe na kila aliye nyumbani.

Ombi langu kwa semina hii: tusiifunge kabla kila mshiriki hajataja mbele ya wenzake saa yake ya kuandika na mahali pake, na tupange siku ya kukutana kila mwezi kusomeana tulichoandika, kama bendi zilivyokutana kwa mazoezi.