Cheo ni Dhamana: Maisha ya Meja Jenerali Khanduri

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, wageni na majirani katika sherehe za maadhimisho ya hekalu



Kamati ya maadhimisho imetuomba tuzungumzie maisha ya mtu ambaye vijana wetu wanaweza kujifunza kwake. Ingekuwa rahisi kumtaja Mahatma Gandhi, mzaliwa wa Porbandar, ambaye picha yake imetundikwa katika nyumba zetu nyingi. Tumeona heri kumchagua mtu asiyejulikana sana huku kwetu. Naye ni Bhuwan Chandra Khanduri, askari wa India aliyefikia cheo cha Meja Jenerali, kisha akaingia katika siasa.

Miongoni mwetu wamo wazee waliojaaliwa kwenda hija Badrinath na Kedarnath. Kwa faida ya majirani zetu, hayo ni mahekalu mawili matukufu yaliyo juu katika milima ya Himalaya, katika nchi ya Garhwal, jimbo la Uttarakhand. Msimu wa theluji milango yake hufungwa kwa miezi kadhaa. Aliyepanda huko kwa basi anaikumbuka njia yenyewe: upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili korongo, na mto ukinguruma chini kabisa. Watu wa milima hiyo ndio waliomtuma Khanduri katika Bunge la India, Lok Sabha, mara tano: mwaka 1991, 1998, 1999, 2004 na 2014.

Khanduri alizaliwa Dehradun katika miaka ya 1930. Hakutoka katika nyumba isiyojulikana, kwani mjomba wake, Hemwati Nandan Bahuguna, alikuwa mwanasiasa mashuhuri aliyepata kuwa Waziri Kiongozi wa Uttar Pradesh. Hata hivyo, kijana huyo hakukimbilia siasa. Mwaka 1954 aliingia jeshini katika kikosi cha wahandisi, na akatumikia huko hadi mwaka 1990. Wahandisi wa jeshi ndio wajengao madaraja, watengenezao njia na wateguao mabomu ya ardhini ili wenzao wapite. Kazi yao haina nafasi ya maneno matupu, maana daraja lililojengwa vibaya huanguka na watu juu yake. Kwa utumishi wake alitunukiwa nishani ya Ati Vishisht Seva Medal.

Alipostaafu alijiunga na chama cha Bharatiya Janata, na mwaka 1991 akashinda kiti cha Garhwal. Mwaka 1996 alikipoteza kiti hicho, akarudi tena mwaka 1998. Mwezi wa Novemba 2000, Waziri Mkuu Atal Bihari Vajpayee alimkabidhi wizara ya usafiri wa barabara na barabara kuu.

Sisi wafanyabiashara tunalijua vizuri jambo hili la barabara. Barabara mbovu ni ushuru usio na stakabadhi. Hulipwa kwa matairi yaliyopasuka, kwa nyanya zilizooza njiani na kwa siku za dereva zinazopotea bure, na mwisho wake mnunuzi wa dukani ndiye anayelipa yote. India ilikuwa ikilipa ushuru huo kwa miaka mingi. Serikali ya Vajpayee ilianzisha mradi uitwao Golden Quadrilateral, barabara kuu ya kuiunganisha miji ya Delhi, Mumbai, Chennai na Kolkata kwa njia nne, urefu wake kilometa 5,846. Sehemu ya fedha zake ilitokana na tozo juu ya petroli na dizeli, hivyo kila mwenye lori na kila mwenye pikipiki alikuwa mchangiaji. Mradi haukubuniwa na Khanduri, wala haukumalizika mikononi mwake. Yeye aliusimamia katika miaka ambayo kazi ilipamba moto, na sifa aliyoipata ni ya waziri mwenye nidhamu ya kijeshi, mkali kwa wakandarasi na kwa maofisa wake mwenyewe.

Lakini tusimsifu mtu kwa kuficha nusu ya habari. Katika mradi huohuo alikuwamo mhandisi kijana, Satyendra Dubey, mwajiriwa wa mamlaka ya barabara kuu. Aliiandikia ofisi ya Waziri Mkuu kueleza ubadhirifu aliouona, akaomba jina lake lihifadhiwe. Halikuhifadhiwa. Barua ilipita meza moja hadi nyingine ikiwa na jina lake. Tarehe 27 Novemba 2003 alipigwa risasi akafa katika mji wa Gaya, jimbo la Bihar. Mwaka 2010 mahakama iliwatia hatiani watu watatu kwa mauaji hayo, nao wapelelezi walisema yalikuwa ya wizi. Hata tukiyakubali hayo, swali la barua linabaki. Waziri anaweza kuwa mwadilifu, na bado aliye chini yake asiwe na pa kusemea kwa usalama. Uadilifu wa mkubwa mmoja hauwafikii walio mbali kama hakuna utaratibu wa kuufikisha.

Tunadhani kisa hiki kinatusaidia kuelewa yale aliyoyafanya Khanduri baadaye. Mwaka 2007 alikuwa Waziri Kiongozi wa Uttarakhand. Mwaka 2009 chama chake kilishindwa katika viti vyote vitano vya Bunge vya jimbo hilo, naye akajiuzulu. Mwezi wa Septemba 2011 chama kilimwita tena, uchaguzi ukiwa umekaribia na tuhuma za rushwa zikiwa zimeichafua serikali. Miezi hiyo India nzima ilikuwa ikifuata mfungo wa mzee Anna Hazare, aliyedai sheria ya kuwachunguza wakubwa.

Khanduri hakutoa ahadi peke yake. Tarehe 1 Novemba 2011 Baraza la Kutunga Sheria la Uttarakhand lilipitisha sheria ya Lokayukta, yaani mchunguzi wa malalamiko ya wananchi dhidi ya viongozi, na sheria hiyo ilimgusa mpaka Waziri Kiongozi mwenyewe. Anna Hazare aliisifu. Wakosoaji walisema, na walikuwa na haki kusema, kwamba masharti ya kumchunguza Waziri Kiongozi yalikuwa magumu mno, kwa sababu yalitaka wachunguzi wote wakubaliane. Pamoja na kasoro hiyo, si mara nyingi mwenye madaraka huandika kwa mkono wake sheria inayoweza kumfikisha yeye mwenyewe mbele ya wachunguzi.

Sasa sikilizeni malipo yake. Chama kilikwenda kwenye uchaguzi wa mwaka 2012 na kaulimbiu “Khanduri hai zaroori”, maana yake Khanduri ni wa lazima. Wahenga wetu wa pwani walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alicheza kwao, na wa kwao wakamwangusha. Chama chake kilipata viti 31 na Congress 32, na mmoja katika walioshindwa alikuwa Khanduri mwenyewe, katika kiti cha Kotdwar. Aliyekalia nafasi yake alikuwa Vijay Bahuguna wa Congress, mtoto wa mjomba wake. Sheria ya Lokayukta nayo haikudumu. Serikali iliyofuata iliiweka kando ikatunga nyingine.

Angeweza kukaa nyumbani kwa uchungu. Mwaka 2014, akiwa karibu na umri wa miaka 80, aligombea tena Garhwal na kushinda, akawa mwenyekiti wa kamati ya Bunge ya ulinzi. Mwezi wa Machi 2018 kamati yake ilitoa taarifa zilizoonyesha kwamba jeshi lilikuwa na upungufu mkubwa wa vifaa. Naibu mkuu wa jeshi aliieleza kamati kwamba asilimia 68 ya zana zilikuwa za kizamani. Ilikuwa taarifa chungu kwa serikali ya chama chake mwenyewe. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo nafasi ya uenyekiti ilipewa mtu mwingine. Kiongozi wa Congress, Rahul Gandhi, alidai kwamba mzee huyo aliadhibiwa kwa kusema kweli. Wanasiasa hawakosi la kusema juu ya wapinzani wao, kwa hiyo madai hayo tunayaacha kwao. Sisi tunaitazama taarifa yenyewe, ambayo askari mzee aliitoa kwa ajili ya askari vijana walioko mpakani.

Mwaka 2022 binti yake, Ritu Khanduri Bhushan, alishinda kiti kilekile cha Kotdwar, akamshinda mtu yuleyule aliyemshinda baba yake. Baadaye akawa mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Baraza la Uttarakhand.

Ndugu zetu, sisi tuliosoma shule katika miaka ya Mwalimu tulifundishwa kwamba cheo ni dhamana. Tuliyakariri maneno hayo tukiwa watoto, Mhindi na Mswahili katika dawati moja. Maisha ya Khanduri yanatuonyesha gharama yake. Aliyetimiza dhamana hakuhakikishiwa kura, wala shukrani, wala kwamba kazi yake haitabomolewa na anayemfuata. Wazee wetu walitufundisha kutenda wajibu bila kuhesabu matunda yake, na majirani zetu wana mafundisho yanayofanana na hayo katika misikiti na makanisa yao.

Hata hivyo, wajibu usiwe wa mtu mmoja tu. Sheria ile ilifutwa bila kelele kubwa kwa sababu watu waliitazama kama ya Khanduri, hawakuitazama kama yao. Hapa ndipo tunapoguswa sote. Katika kamati zetu, vyama vyetu vya soko, bodi za shule na vikundi vya mazishi, tumezoea kutafuta mweka hazina mwaminifu, na tukishampata tunalala usingizi. Mtu mwaminifu huugua, huzeeka, huondoka. Tumwombe akiwa bado yupo atuachie daftari lililo wazi, ukaguzi wa kila mwaka, na mahali ambapo mdogo kuliko wote anaweza kuuliza swali bila kuogopa jina lake kutajwa. Kisha tulilinde daftari hilo sisi wenyewe, hata pale litakapouliza habari zetu.

 Mungu awabariki nyote, na awajaalie vijana wetu moyo wa kutumikia.