Taa Sebuleni, Moshi Jikoni: Mada Kuhusu Nishati Safi Meru na Embu



Bwawa la Gitaru lina mitambo ya megawati 225, mikubwa kuliko ya kituo kingine chochote cha umeme wa maji nchini Kenya. Upande wa Mbeere, kaunti ya Embu, mwendo mfupi tu kutoka hapo, jioni utaona moshi ukipanda kwenye paa za majiko. Bwawa jirani la Kindaruma lilianza kuzalisha umeme 1968, yakafuata ya Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Kwa miaka mingi nyaya zilipita juu ya mashamba ya Mbeere zikielekea Nairobi, na wenyeji wakisomea kwa koroboi.

Hali ya taa imebadilika. Mradi wa serikali ulioanza 2015 ulishusha ada ya kuunganishiwa stima kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na nguzo zikafika vijijini. Lakini sensa ya 2019 ilionyesha kwamba wakati asilimia 50.4 ya nyumba nchini zilimulikwa na stima ya gridi, asilimia 55.1 bado zilipikia kuni. Kwa hiyo nawasihi tuupime umaskini wa nishati jikoni. Tukihesabu nguzo peke yake, mama anayekohoa mbele ya mafiga tutamwandika kuwa amekwisha kufikiwa.

Tuanzie kwenye sufuria. Githeri ya mahindi makavu na maharagwe huweza kukaa motoni saa tatu. Hakuna mwenye mtungi wa kilo sita atakayeimalizia gesi yake hapo. Ndiyo maana hata nyumba yenye mtungi huwa na mafiga uani: gesi ni ya chai na ya mgeni, kuni ni za githeri. Mpango wowote usiojua chakula kinachopikwa utagawa majiko yatakayowekwa juu ya kabati. Kuloweka nafaka usiku kucha na kutumia sufuria ya presha hupunguza muda huo sana, na elimu hiyo ni rahisi kuliko nguzo moja ya stima. Sijui kwa nini tunaiona ndogo.

Bei nayo huamua. Julai 2021 gesi ya kupikia ilitozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Mwaka uliofuata ikashushwa hadi 8, na 2023 ikaondolewa. Familia ya kibarua haiwezi kupanga jiko lake kwa sheria inayogeuka kila bajeti. Mkaa huuzwa kwa mkebe. Gesi hudai fedha nyingi kwa mara moja.

Meru na Embu pia si nchi moja. Kule Imenti upande wa Meru na Manyatta upande wa Embu, ng'ombe wa maziwa hufugwa zizini, maji yapo, na samadi inarundikana mlangoni. Ng'ombe wawili watatu hutosha kulisha mtambo wa biogesi wa nyumba moja, na tope linalobaki linarudi kwenye migomba na kahawa. Matawi ya mgrevilea yanayopogolewa shambani huongeza kuni. Ukishuka Mbeere, au Igembe Kaskazini huko Meru, mbuzi wanazurura, maji hutafutwa kwa punda, na biogesi haina pa kusimama. Huko kinachofaa leo ni jiko banifu la udongo, miti kama mukau ipandwe kwa wingi, na mkaa utengenezwe kwa tanuri lisilopoteza kuni nyingi.

Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la usambazaji wa umeme na gesi, na Sheria ya Nishati ya 2019 inazitaka ziandae mipango ya nishati. Naomba mipango ya Meru na Embu iwe na fungu la fedha la jiko, lisilochanganywa na la taa za barabarani. Mkopo wa mtambo wa biogesi ukatwe kidogo kidogo kwenye malipo ya maziwa kupitia ushirika. Na anayehesabu nyumba zilizofikiwa aingie hadi uani, aulize githeri ya jana ilipikiwa nini.