Ukiacha Sindano ya Kupunguza Mwili



Wazazi wetu, na vijana wenzangu wa Kariokor, Ziwani na mitaa jirani, leo tuongee jambo ambalo watu hulinong'ona tu.

Mama mmoja jirani yetu aliniambia, "Mwanangu, Ramadhani imefika, ile sindano nimeiacha isije ikaniharibia saumu. Na pesa pia zimeisha." Daktari hakumuuliza. Baada ya miezi kadhaa nguo zikaanza kumbana, na watu wakaanza: "Si tulisema? Ni uvivu tu."

Je, ni uvivu? Hebu tuangalie. Semaglutaidi, inayouzwa kwa majina ya Ozempic na Wegovy, huiga homoni ya utumbo inayouambia ubongo kuwa umeshiba. Dawa ikiisha mwilini, ile habari haifiki tena, na njaa hurudi kwa nguvu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliwafuata watu walioiacha. Katika mwaka mmoja walirudisha thuluthi mbili ya uzito walioupoteza. Yaani ukipunguza kilo 15, kilo 10 zimerudi! Presha nayo ilipanda tena. Na mwenye kisukari akiacha kiholela, sukari yaweza kupanda kimya kimya.

Kuhusu saumu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilikutana Jeddah mwaka 1997, likaamua kuwa sindano za matibabu zisizo za lishe hazifunguzi. Na hii huchomwa mara moja kwa wiki. Ukiwa bado na wasiwasi, muulize daktari kama waweza kuichoma usiku.

Kwa hivyo, ndugu yangu, kabla hujaacha, mwone daktari, hata kama sababu ni pesa. Mwambie ukweli, mpange pamoja. Ukiwa umekaa wiki kadhaa bila dawa, usirudie kipimo kikubwa ulichoachia, utatapika mpaka ushindwe kufunga. Wala usinunue vichochoroni: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kuhusu semaglutaidi bandia.

Kwenye futari, kaimati na bhajia zipungue, maharagwe, mayai na samaki viongezeke, maana mwili ukipungua misuli nayo hupungua. Tarawehe twende kwa miguu.

Na sisi majirani tufunge ndimi pia. Yule mama hakuwa mvivu. Alikosa mtu wa kumweleza.

Wabillahi tawfiq.