Meno ya Kenge wa Bahari



Wahenga walisema kwamba katika msafara wa mamba, kenge nao wamo. Dominika ya leo tuutafakari msemo huo kwa habari ya meno ya mnyama wa kale.

Karibu na mwaka 1780, wachimba mawe wa mlima wa Sint-Pietersberg, penye mji wa Maastricht huko Uholanzi, walikuta mataya makubwa yenye meno makali, yaliyogeuka kuwa mawe. Daktari wa jeshi, Johann Leonard Hoffmann, alidhani ni ya mamba. Mtaalamu mashuhuri, Petrus Camper, alikataa. Mwaka 1786 akaandika kwamba ni ya nyangumi. Alifariki mwaka 1789.

Mwanawe, Adriaan, akaichunguza upya mifupa ile. Miaka kumi hivi baada ya kifo cha baba yake, akaeleza kwamba mnyama yule si nyangumi wala si mamba, bali ni mjusi mkubwa wa baharini. Mwaka 1808 Georges Cuvier wa Paris akathibitisha neno hilo. Mbali na meno ya mataya, mnyama yule alikuwa na meno mengine madogo katika kaakaa. Nyangumi hana meno hayo, wala mamba hana. Viumbe hao, waitwao mosasauri, ni wa jamii moja na mijusi, kenge na nyoka. Walitoweka yapata miaka milioni 66 iliyopita.

Wapendwa, kijana yule angaliweza kunyamaza, akisingizia heshima. Lakini yeye, aliyeyatoa chapani maandishi ya baba yake marehemu, ndiye pia aliyelisahihisha kosa lake. Alimheshimu mzazi bila kuliabudu kosa la mzazi.

Je, kwetu ikoje? Babu alisogeza mpaka wa shamba, akala hatua kumi za mjane jirani. Leo wajukuu wanajua, lakini mjane akilalamika hujibiwa, “Marehemu mzee alisema mpaka ni huu.” Hiyo si heshima. Ni kumfanya marehemu aendelee kudhulumu angali kaburini. Amri ya kuwaheshimu wazazi haikutolewa ili kuifuta ile ya kutokuiba. Mwana mwema huurudisha mpaka mahali pake, wala hamtangazi babu yake vilabuni.

Mosasauri walibadili meno maisha yao yote. Jino jipya liliota penye mzizi wa jino kuukuu, likakua hapo hapo, hata lile la kale likaanguka. Lisingaliota mahali pengine. Vivyo hivyo ukweli tunaousema leo umeota katika malezi ya wazee wetu. Waliotufundisha kusema kweli ndio hao tunaowasahihisha. Basi tusiogope kuusema, tena tuuseme kwa adabu.

Nawatakieni nyote Dominika njema.