Mirathi Si Hisani: Fungu la Dada Yako Si Sadaka Yako



Ndugu zangu, mama zangu, dada zangu. Leo tuzungumze jambo ambalo sote twalijua lakini twanyamaziana: mali ya marehemu.

Mambo huenda hivi. Baba amefariki. Amezikwa, hitima imesomwa, majirani wamerudi makwao. Kaka mkubwa ashika funguo na karatasi za nyumba, aanza kukusanya kodi. Mwaka wapita, miaka kumi yapita. Dada akiuliza, huambiwa, “Wewe umeolewa, wataka nini tena?” Mama mjane akifungua mdomo, huambiwa asigombanishe watoto. Na huyo kaka msikitini yuko safu ya mbele!

Wewe unayesoma, nakuuliza: hiyo ni dini gani?

Fungua Sura An-Nisaa. Aya ya 7 yasema wanaume wana fungu na wanawake wana fungu, mali iwe kidogo au nyingi. Aya ya 11, 12 na 176 zataja mafungu yenyewe. Mwenyezi Mungu hakumwachia kaka agawe. Amegawa Mwenyewe. Na aya ya 10 yaonya kuwa anayekula mali ya yatima kwa dhulma, ala moto tumboni mwake.

Sasa tufanye hesabu, maana wengi hudhulumiwa kwa kutojua. Kwanza hutolewa gharama za mazishi. Pili, madeni, na mahari ambayo mke hajalipwa ni deni pia. Tatu, wasia. Kinachobaki ndicho cha warithi.

Tuseme marehemu ameacha shilingi milioni 3. Mazishi na madeni ni 600,000. Hakuacha wasia. Zabaki milioni 2.4. Ameacha mke, mama, wavulana wawili na msichana mmoja. Mke achukua thumni, yaani moja ya nane: 300,000. Mama achukua sudusi, moja ya sita: 400,000. Zabaki milioni 1.7 za watoto, mvulana mafungu mawili, msichana fungu moja. Kila mvulana apata 680,000, msichana 340,000. Hakuna aliyerudi mikono mitupu.

Na wasia je? Wasia hauzidi theluthi, na hauandikiwi mrithi ila warithi wengine waridhie. Kwa hivyo karatasi isemayo “nyumba yote ni ya mwanangu mkubwa” haifuti haki ya wengine. Ukitaka kumpa mtu kitu, mpe ukiwa hai na mzima, umkabidhi kweli, na uwe muadilifu baina ya watoto wako.

Kuna jambo laniuma zaidi. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, ilipoanza kutumika 1981, Waislamu walilalamika kwa sababu iligusa mirathi yetu. Mwaka wa 1990 ikarekebishwa, na kifungu cha 2(3) chasema mali ya Muislamu igawanywe kwa sheria ya Kiislamu. Katiba ya 2010 nayo, kifungu cha 170, imeiweka Mahakama ya Kadhi na kuipa mirathi, pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele yake. Tulisimama tukaiambia nchi nzima: sisi tuna sheria yetu. Haya, sheria tumepewa. Sasa twamzuia dada yetu asifike kwa Kadhi, twamwambia ataaibisha ukoo! Hapo hatufuati Sharia wala sheria ya serikali. Twafuata tamaa.

Kwa hivyo fanyeni haya. Baada ya msiba, msikae miaka. Chukueni cheti cha kifo na barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, wake wote na watoto wote, bila kumficha hata mmoja. Andikeni mali na madeni. Mkielewana, alhamdulillahi, lakini bado nendeni kwa Kadhi mpate amri ya mahakama, ndiyo itakayowasaidia kubadilisha jina kwenye ofisi ya ardhi. Hata kwa zile nyumba zetu za Mombasa zisizo na ardhi yake, nyumba yenyewe ni mali, na kodi yake ni ya warithi wote. Usipuuze, maana mrithi mmoja akifa kabla ya kugawa, na wake huingia, na hesabu yazidi kuwa ngumu.

Dada yangu, usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Kudai fungu lako si utovu wa adabu. Ukitaka kumsamehe kaka, samehe baada ya haki yako kuwa mkononi mwako, si kwa kuogopa maneno ya watu.

Na wewe kaka uliyeshika funguo, baba yako anakungojea huko alikotangulia. Mrudishie dada yako chake kabla hujamfuata.

Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu. Wabillahi tawfiq.